Uvimbe Uliokuja na Futari

Ramadhani ile mchana nilifunga kwa raha, jioni nikafuturu kwa hofu. Tonge la kwanza tu, chini ya taya la kulia panaanza kujaa na kukaza, nami nageukia ukutani mama asione. Kaka yangu alikufa kwa uvimbe wa hapo hapo, na mama ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho. Nilijua zamu yangu imefika, na niliogopa sana.

Nikaenda hospitali adhuhuri, nimenuna. Daktari, dada mmoja aliyehamishiwa Kigoma kutoka Mbeya, alinipapasa shingo nzima.

"Mbona hakuna kitu, kaka?"

Nikawaka. "Kipo! Jana kilikuwa kama yai la kanga."

"Jana ulikuwa unafanya nini?"

"Nafuturu."

Akaweka kalamu chini. "Kesho njoo magharibi. Ufuturu hapa hapa, mbele yangu. Na ulete ndimu."

Niliona ananifanyia mzaha, lakini nikaenda na tende zangu, uji na samaki wa mgebuka wa kukaanga. Adhana ilipotoka nikala tende, nikanyonya ndimu. Kikaja. Kikatuna mbele ya macho yake, na yule dada akafurahi mpaka nikataka kugombana naye. Akavaa glovu, akapitisha kidole chini ya ulimi wangu.

"Kuna kijiwe hapa, kimeziba njia ya mate. Ukila, mate yanakosa pa kutokea, tezi inavimba."

Nikamweleza uvimbe uliomuua kaka yangu.

"Wake ulikuwa unakuja na kuondoka?"

"Hapana. Ulikuwa unakua tu."

"Basi wako si ule."

Picha ilipothibitisha, akanichoma sindano ya ganzi, akachana kidogo, na kijiwe kikadondoka kwenye kibakuli. Cha manjano, mfano wa punje ya mchele. Mate yakamwagika, nami nacheka huku natema. Njia nzima hadi Ujiji nilimsimulia dereva wa bodaboda, ambaye hakuwa ameniuliza.

Mama alikuwa uani anachambua dagaa. Nikamwamkia, nikafungua kiganja, nikaeleza yote kwa pumzi moja. Akakitazama kijiwe.

"Nilikuona tangu futari ya kwanza," akasema.

Akaingia ndani, akatoka na kitambaa cheupe kilichokunjwa, bado kimo kwenye mfuko wa dukani.

"Sanda hii nilikununulia wewe. Sasa nitaiweka iwe yangu."