Lete Mguu

Kila ninapoanza kusimulia haya, mtu huniuliza kama nilikuwa mgonjwa. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa na homa, sikuwa na njaa, wala haukuwa usiku. Ulikuwa mchana wa jua kali, na haki ya Mungu niliyoyaona ndiyo ninayokwambia. Kama huamini, niache sasa hivi, maana kisa hiki hunipandisha hasira na sitaki mtu wa kunichekea.

Mimi ni mwanamke wa Kaloleni, Kenya. Nilikwenda Riyadh kufanya kazi za ndani, nikamwacha binti yangu, Kadzo, kwa mama yangu akiwa na miaka minne. Nyumba niliyopelekwa ilikuwa na baba, madam, na mtoto wao wa kike, Jud. Mdogo wake alizaliwa baadaye. Baba alikuwa mtu wa kazini. Madam alikuwa mtu wa simu, picha asubuhi, picha jioni. Na Jud? Jud alikuwa wangu mimi. Kumwogesha mimi, kumlisha mimi, akiumwa tumbo namlalisha kifuani pangu mimi.

Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa namketisha kwenye ngazi ya mlango, napiga goti mbele yake, namwambia, "Lete mguu." Naye ananyoosha mguu anajibu, "Huu hapa." Hicho ndicho Kiswahili chake cha kwanza. Alikuwa na viatu vya rangi ya waridi vya mkanda, na mkanda ule ulikuwa na matundu matano. Wake ulifika tundu la tatu. Kisiginoni alikuwa na kovu, siku moja alikanyaga gilasi ya chai iliyovunjika, na damu ile niliizuia kwa leso yangu. Unadhani mama yake alijua kovu liko mguu wa kulia au wa kushoto? Thubutu!

Sasa sikia jambo lililoniponza. Mtoto huita watu anavyosikia wakiitwa. Jud alinisikia mimi kutwa nikimwita mama yake "madam", basi na yeye akamwita "madam". Mimi akaniita "mama". Nilimsahihisha mpaka nikachoka. Wageni wakija walicheka sana, lakini madam hakucheka. Aliniangalia tu, kisha akanipa kazi nyingine.

Likizo moja wakaamua kwenda Thailand. Nami nikachukuliwa. Usifikiri nilialikwa, nilichukuliwa kama begi la nepi linavyochukuliwa. Tulikwenda kuona tembo, tukaenda jumba la samaki ambamo papa wanapita juu ya kichwa chako, tukaenda soko la kwenye maji ambako wanauza maembe na wali kutoka kwenye mitumbwi. Wao waliona. Mimi papa hao nilisikia tu watu wakiwashangilia, maana nilikuwa nimeinama nambadilisha mtoto mchanga nepi. Jud peke yake ndiye aliyekuwa akinivuta nguo, "Mama, tazama! Mama, tazama!"

Siku ya nne wakataka hekalu. Nisieleweke vibaya, mimi na hekalu lile hatuna ugomvi. Lilikuwa zuri, la dhahabu, watu wake wapole, wakikusalimu wanainamisha kichwa. Mlangoni kila mtu anavua viatu. Madam akamshika Jud mkono, akaniambia nibaki nje na mtoto mchanga na nilinde viatu. Nikakaa kwenye ngazi. Mlango ulikuwa wazi, nikawa nawaona.

Yule jamaa wa kuwatembeza wageni aliwaambia kuwa watu hupiga magoti pale wakaomba wanachokitaka. Baba akatoa simu. Madam, mwanamke Mwislamu aliyeswali alfajiri hiyo hiyo hotelini, akapiga magoti mbele ya sanamu kwa ajili ya picha. Alikuwa anacheka. Lakini midomo ilitikisika. Niliiona ikitikisika, na baba akamwambia arudie kwa sababu picha ya kwanza ilikuwa na giza, akarudia.

Wakatoka. Jud akaketi kwenye ngazi. Nikapiga goti kama kawaida yangu, nikasema, "Lete mguu."

Hakujibu. Aliniangalia vile unavyomwangalia muuza duka. Nikaushika mguu mwenyewe, na mguu ulikuwa wa baridi, wakati ngazi ile ilikuwa inaunguza. Nikautia kwenye kiatu, ukagoma kuingia. Nikaugeuza. Kovu halikuwepo. Nikaugeuza na wa pili, halikuwepo. Niamini, nyayo zile hazikuwa na mstari hata mmoja. Zilikuwa laini tupu, nyayo za mtu ambaye hajawahi kukanyaga chini.

Nikamwambia madam, "Madam, hii si miguu ya Jud." Akaniambia joto huvimbisha miguu, mafi mushkila, hakuna shida, yalla, twende, gari linangoja.

Na hapo ndipo niliposikia. Kutoka mle ndani, nyuma ya watu, kasauti kadogo ninakokajua kuliko sauti yangu kakasema, "Huu hapa."

Unataka kujua nilifanya nini? Nilipanda gari. Pasipoti yangu ilikuwa mkobani mwa madam, mtoto mchanga alikuwa mikononi mwangu, na mimi nilikuwa nimeshazoea kunyamaza. Nikapanda. Hasira niliyo nayo kwa madam ni kubwa, lakini ile niliyo nayo kwa mwanamke aliyepanda gari lile siku hiyo haina kipimo, na mwanamke huyo ni mimi.

Ndani ya gari mtoto yule alimgeukia madam, akamwita, "Mama." Madam alilia machozi. Baba akapiga picha.

Tuliporudi Riyadh nyumba ikawa na raha ambayo haijawahi kuwa nayo. Mtoto hakulia, hakumwaga chakula, alikaa alivyokalishwa na kutazama alikoambiwa atazame. Picha zilitoka nzuri. Mimi ndiye niliyeona mengine. Riyadh mchana jua linakukausha mate mdomoni, lakini yeye alisimama uani saa sita bila kofia na hakutoka jasho hata tone. Akivua viatu mlangoni alivipanga vikiangalia nje. Nikivigeuza, nikirudi navikuta vimegeuka tena. Madam alinunua viatu vipya, akaniambia vile vya waridi nitupe. Nilivificha ndani ya sanduku langu.

Siku moja adhuhuri nilikuwa namwogesha. Madam alikuwa amelala, baba kazini. Nikashindwa kuvumilia. Nikafunga bomba, nikamuuliza kwa Kiswahili, Jud yuko wapi?

Akanijibu kwa Kiswahili. Si kile cha mtoto wa Kiarabu aliyeokota maneno mawili matatu, ni cha kwetu Kaloleni, kama mtu tuliyeteka naye maji. Alisema, "Mimi sikuja bure. Niliombwa."

Nikamuuliza nani alimwomba. Akasema, "Muulize madam wako."

Nilitoka mle bafuni. Nikamwamsha madam, jambo ambalo halikuwa na ruhusa, nikamwambia yote kwa Kiarabu changu kibovu, mguu, kovu, sauti, na hayo niliyoambiwa bafuni. Nilitarajia apige kelele. Nilitarajia anizabe kofi, na ningelipokea, bora tu akimbie kwenda kukata tikiti ya kurudi kumtafuta mwanawe.

Aliweka simu chini. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliweka simu chini mwenyewe.

"Najua," alisema. "Huyu ananiita mama. Yule alikuwa wako."

Nikamwambia, madam, yule ni mtoto, ana miaka mitano, ameachwa ugenini bila viatu. Akasema alikuwa anatania tu pale kwenye picha, na ameshapewa, halas, yamekwisha. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nikifungua mdomo ataita polisi aseme mfanyakazi wake anafanya sihiri, na ninajua mwenyewe mfanyakazi aliyesemwa hivyo huishia wapi. Nilijua. Sote tunajua.

Haikuisha wiki nikahamishiwa kwa kafili mwingine, yaani mwajiri anayeshika karatasi zako, huko Jeddah. Baba alitia sahihi bila kuuliza sababu. Siku naondoka, kile kitoto kilisimama mlangoni kikanipungia mkono, na madam akakipiga picha.

Jeddah nimepata bahati. Ninamhudumia bibi mmoja wa Kizanzibari, Bi Salma, mtaa wa Hindawiyah. Wazazi wake walihamia huku baada ya mapinduzi, miguu yake sasa haina nguvu, na kafili wangu ni mwanawe. Nilikaa miezi kabla ya kumwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo wewe sauti uliisikia, na gari ukapanda?"

"Nilipanda, bibi."

Akageukia ukutani. Sikumlaumu.

Sasa kilichobaki ndicho kinachoninyima usingizi mpaka leo. Viatu vile vya waridi viko ndani ya sanduku langu, nimevifunga kwa leso, sanduku lina kufuli na ufunguo wake nauvaa shingoni. Niliviweka mkanda ukiwa wazi. Mwezi wangu wa pili hapa Jeddah nilipofungua, mkanda ulikuwa umefungwa, tundu la tatu. Nikageuza soli. Zilikuwa zimelika, na tope jekundu limekauka ndani yake. Jeddah nani ana tope jekundu?

Mwaka uliofuata mkanda ulikuwa tundu la nne. Anakua. Unanielewa? Yuko hai, anakua, na anatembea. Nilipomweleza Bi Salma, alivishika viatu mikononi akalia, akaniambia ninunue vikubwa zaidi niviweke kando ya hivyo. Nilinunua. Viko vipya vile vile mpaka leo, havijaguswa. Labda Jud havijui.

Mkataba wangu umekwisha. Tikiti ya kurudi nyumbani ninayo. Kadzo sasa ana miaka minane, akinipigia simu ananiuliza, mama waja lini, nami namdanganya kwamba ikama, kile kibali cha kukaa huku, ina shida. Hata huyu wangu namfanyia ubaya, najua. Lakini nikiondoka, na yule akafika Hindawiyah kwa miguu akakuta sipo, atamwita nani? Juzi nimefungua sanduku. Mkanda uko tundu la tano, na kidole kimetoboa mbele.

Kwa hivyo nakuonya wewe unayenisikiliza, popote ulipo. Ukikutana na mtoto wa kike peke yake mlangoni pa watu, usikimbilie kumwonea huruma. Mwambie, "Lete mguu." Akikutazama tu bila kujibu, simama uondoke, usimvishe kiatu, usimpeleke kwa mtu. Lakini akinyoosha mguu akakwambia, "Huu hapa," angalia kisigino cha kulia. Ukiona kovu, usimuulize mama yake ni nani. Mbebe, umlete Jeddah, mtaa wa Hindawiyah, uulizie nyumba ya Bi Salma. Mwambie niko, sijaondoka.