Hesabu ya Wiki ya Bamvua

Ting! Kokoto moja imeangukia ndani ya kopo tupu la samli. Mwanangu, nimezeeka, na siku nyingine jina la jirani yangu linanipotea hali nimetoka kunywa naye kahawa, lakini mlio ule bado nausikia kama wa jana. Na kila nikiusikia, mguu wangu huu wa kulia huanza kutikisika wenyewe. Basi ukiona naandika mara huku mara kule, univumilie. Moyo wenye jambo haukai kitako.

Nakuandikia kwa sababu nimesikia umepata kazi ya kuzunguka vijijini na karatasi, kutazama barabara ipi itengenezwe kwa fedha za serikali na ipi ingoje. Nilifurahi mpaka nikapiga vigelegele peke yangu hapa barzani Malindi ya Unguja, wapita njia wakadhani kuna harusi. Halafu nikaogopa. Kazi hiyo mimi nimewahi kuifanya. Niliifanya siku tano tu, katika miaka ile ya hamsini, na nikaikosea.

Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilisoma Mjini mpaka darasa la sita, nikikaa kwa jamaa zetu Ng'ambo, kisha nikarudishwa kwetu, kusini mashariki ya Unguja, ng'ambo ya uwanda wa mawe. Wewe leo unafika kule kabla kahawa haijapoa. Sisi tulitembea saa mbili juu ya mawe makali kama wembe mpaka njia panda, ndipo tupande gari la shamba la kwenda Mjini. Mvua ikinyesha, saa mbili huwa tatu. Ukiwa na mzigo kichwani, Mungu ndiye ajuaye.

Mimi lakini nilikuwa mtu wa ndoto. Nilishajiona nimekaa ofisini, napiga taipu, nimevaa viatu vyeupe. Hata baiskeli yangu nilishaichagulia rangi.

Siku moja sheha, mkuu wa kijiji chetu, akaniita.

"Tatu!"

"Naam!"

"Njoo. Bwana huyu anatafuta mtu anayejua kuandika."

Alikuwa karani wa barabara kutoka Mjini, kijana nadhifu, kalamu mbili mfukoni. Akatueleza kwamba serikali ina fedha za barabara moja tu mwaka ule. Ama itatengenezwa njia yetu, ama ile ya upande wa mashamba ya karafuu. Kila njia ingehesabiwa wapitao siku tano, na yenye watu wengi ndiyo itakayopewa. Mimi nikae njia panda, nihesabu. Kwa karani lilikuwa jambo jepesi kama kunywa maji.

Nikakaa kwenye barza ya duka la pale, daftari pajani. Nikaona nikiinama kuandika kila mara nitampitisha mtu bila kumwona, basi nikaokota kokoto na kopo. Mtu akipita, natia kokoto moja. Jioni nazihesabu, naziandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Ndipo nikapewa jina la Karani wa Kopo.

"Karani wa Kopo, leo umehesabu mbuzi wangapi?" wazee wa dukani wakinichokoza.

Akapita Mzee Haji na punda wake, mgongoni kuni. Nikamuuliza karani, aliyekuwa amekaa garini kwenye kivuli, kama punda naye anaandikwa.

"Punda ni mzigo," akasema.

Mzee Haji akasimama. "Basi mwandikeni punda, mie mniache. Yeye ndiye anayefanya kazi!"

Tukacheka. Lakini kopo langu halikucheka, mwanangu. Siku ya kwanza kokoto hazikufunika hata kitako chake. Siku ya pili ndio kabisa. Ting! Kisha kimya kirefu mpaka nasikia nzi. Ting! Na mimi nilijua kwa nini, tena nilijua tangu asubuhi ya kwanza nilipopita pwani na kuona maji yamekimbia mpaka mwambani.

Ilikuwa wiki ya bamvua.

Kwa mtu wa Mjini nitaeleza. Mwezi ukiwa mpevu, na tena ukiandama, bahari hupwa sana. Siku hizo kwetu hakuna mtu wa kwenda Mjini. Wanawake wako matopeni wanafukua makumbi ya nazi waliyoyafukia miezi mingi nyuma, wayaponde watoe usumba wa kusokotea kamba. Wanaume wako mwambani na vijiti vya pweza. Hata watoto na vikongwe wako huko. Nyumba hubaki na kuku. Siku chache baadaye, maji yakiwa mafu, yasiyopwa sana, hapo ndipo njia inapojaa: kamba vichwani, pweza wakavu makapuni, kila mtu anawahi soko. Karani alichagua siku zake kwa kalenda ya ukutani. Hakukosea kwa ubaya. Hakujua tu.

Mimi nilijua, nikanyamaza.

Utaniuliza kwa nini. Jioni ya kwanza karani alitazama daftari langu akasema, "Una mwandiko safi. Ofisini kwetu wanatafuta mtu kama wewe." Basi! Viatu vyeupe vikaanza kutembea kichwani. Nikaona nikimwambia kwamba wiki aliyochagua haifai, nitakuwa nimemsahihisha mkubwa, tena mgeni. Nikajiambia hiyo ni adabu. Nikajiambia pia kwamba sikusema uongo, kila kokoto ilikuwa mtu kweli. Waliosema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi walisema kweli. Lakini ulimi uliolala mahali pa kusema nao umejikwaa.

Siku ya tano karani akachukua daftari, akapanda gari lake akaenda zake. Mimi nikarudi kwetu na kopo langu, nikateremka pwani kwa furaha kumsalimu shangazi yangu, Bi Mize. Alikuwa ameketi mchangani anaponda makumbi, matope mpaka viwikoni. Pembeni yake alikaa Zuwena, binti yake, akitenganisha usumba. Zuwena hakuwa akisema sana tangu mwaka uliopita. Nitalifikia hilo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Karani wetu umerudi? Umehesabu nini huko?"

"Watu, shangazi. Nimewahesabu wote."

Akasita, nyundo ya mti ikabaki juu. "Watu gani uliowahesabu wewe mwana we, na sote tuko huku?"

Akatazama bahari ilivyokimbia, akanitazama mimi. Shangazi yangu hakuwa mtu wa kupiga kelele. Ulimi wake ulikuwa kama sindano ya mkeka, huingia polepole na kutokea upande wa pili.

"Kumbe ulijua," akasema. "Ulikaa pale siku tano, unajua kama tuko matopeni, ukamwandikia mtu kwamba hatupo. Asiyekuwapo na lake halipo, Tatu. Tena wewe ndiye uliyetufanya tusiwepo."

Zuwena aliendelea kuuchambua usumba uliokwisha safika.

Sikuweza kula. Nikatoka uani nikarudi ndani, nikarudi uani tena, mpaka mama akaniuliza kama nimekanyaga siafu. Kulipopambazuka nikaenda kwa shangazi nikamwambia nnakwenda Mjini kumtafuta karani. Akajifunga buibui yake bila swali. Tukatembea saa mbili, tukapanda gari la shamba, na mimi njia nzima nikilisukuma gari kwa miguu kama kwamba litaongeza mwendo.

Ofisi yenyewe ilikuwa upande wa bandarini, ngazi nyembamba, mafaili mpaka dirishani. Karani alifurahi kuniona. Akadhani nimekuja kwa ile kazi.

"Bwana, hesabu niliyokupa si sawa," nikasema.

"Uliongeza watu?"

"Sikuongeza. Ile ilikuwa wiki ya bamvua. Watu wote wako pwani. Njoo maji yakiwa mafu utaona."

"Hesabu ni hesabu, binti. Faili linakwenda kwa wakubwa wiki ijayo."

Hapo Bi Mize akasogea. "Mwanangu, ukienda kuhesabu watu wa msikiti saa tatu ya asubuhi, utasema Waislamu wameisha?"

Karani wa meza ya pili akaangua kicheko. Huyu wetu akajaribu kujizuia, ikamshinda, akatabasamu. Kisha akanigeukia, tabasamu limeondoka.

"Wewe ulilijua hili pale pale njia panda?"

"Nililijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka uniandike kazi."

Akaizungusha kalamu yake mezani. "Nitakuja kuhesabu siku moja," akasema mwisho. "Siku moja tu. Na ile kazi uisahau."

Nitakuwa mwongo nikikwambia haikuniuma. Nilishuka ngazi zile naona viatu vyeupe vinanipita, vinakwenda zao.

Alikuja maji yalipokuwa mafu. Alikaa barzani mwenyewe, na kopo nikampa yeye. Ting, ting, ting! Ikawa kama mvua juu ya bati. Kamba, pweza, vikapu, makuti, mama na watoto, na Mzee Haji na punda wake: "Leo tuandike sote wawili, tumeoga!" Kabla ya adhuhuri kopo lilijaa, karani akaanza kutia kokoto katika kofia yake.

Ingekuwa mimi ningeishia hapo. Lakini mtu yule, Mungu amjaalie kheri popote alipo, akasema anataka kuiona njia yenyewe. Tukatembea naye. Nusu ya njia soli ya kiatu chake ikabanduka, akaifunga kwa kamba ya usumba aliyopewa na mama mmoja aliyekuwa akirudi nayo. Tukafika kijijini anachechemea. Akapewa dafu kwa Bi Mize, na hapo akamwona Zuwena amekaa mlangoni. Kwa vile alikuwa ameshaona kijiji kizima kikipita, akamuuliza kwa mzaha, "Na wewe dada, mbona leo hukupita nikakutilia kokoto?"

Zuwena akamjibu kwa upole tu. "Nilipita mara moja, mwaka jana, nimebebwa juu ya kitanda kupelekwa hospitali. Nilikwenda wawili, nikarudi mmoja. Sijapita tena."

Bi Mize akaangalia chini. Karani akafungua daftari, akakaa nalo, kalamu hewani.

"Hapana mstari wa kumwandika huyu," akasema, kama anajisemea.

Kisha akaligeuza daftari upande, akaandika pembeni kabisa, maandishi yaliyosimama kama ngazi. Sijui aliandika nini. Sikuthubutu kuuliza.

Barabara tulipata, ila hatukupata yote. Mwaka uliofuata ilifika nusu ya njia, hadi kisimani, na fedha zikaishia hapo. Nusu ya pili ilitungoja sana, nikaolewa, nikazaa, nikahamia Mjini, bado ikingoja. Lakini Zuwena alipopata mimba tena, alibebwa mpaka kisimani tu, na pale gari lilikuwa linamsubiri. Alirudi wawili. Mwanawe leo ana wajukuu.

Sasa, mwanangu, nikwambie nilichokunyanyulia kalamu. Unapofika mahali na karatasi yako, usianze kuhesabu. Anza kuuliza: wiki hii kuna nini hapa? Watu wake wako wapi? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hivyo njia unayoipima ipite kwa miguu yako, si kwa dirisha la gari. Ukikuta njia haina watu, usiseme haitakiwi. Huenda haina watu kwa sababu ni mbaya. Waliopita watahesabika na mtu yeyote mwenye kopo. Mtafute aliyetaka kupita akashindwa, na kama karatasi yako haina mahali pake, mwandike pembeni. Na ukijua jambo ambalo mkubwa wako halijui, mwambie siku hiyo hiyo, kwa adabu, hata kama kinywani mwake mna kazi unayoitamani. Mimi kazi ile sikuipata kamwe. Lakini fikiria ningeipata, nikapanda ngazi zile kila siku, na Zuwena amekaa mlangoni.

Mungu akupe macho ya kumwona asiyeonekana. Akupe ulimi usiolala mahali pa kusema, na miguu isiyochoka. Na kila utakapokanyaga pawe pepesi kwa watakaokuja nyuma yako. Amin.

Nilisahau kukwambia kuhusu kokoto. Karani alipoondoka kijijini siku ile alilirudisha kopo mikononi mwangu, limejaa, zito. Watu wote walikuwa wamekwenda kumsindikiza. Nikatoka peke yangu mpaka pale njia yetu ilipoanzia, mwisho wa nyumba, penye shimo lililokuwa likivunja miguu ya punda kila masika. Nikazimimina zote humo, nikazishindilia kwa kisigino mpaka shimo likawa sawa na njia, nikalipangusa kopo kwa ncha ya kanga, nikaenda nyumbani.