Kizibo cha Sikio la Kushoto

Mdogo wangu wa mwisho ni rubani. Hata leo, nikiandika sentensi hiyo, huwa nasimamisha kalamu niitazame kwanza. Mimi niliacha shule darasa la sita, mwaka ambao mama alimfuata baba kaburini, nikabaki na wadogo watatu katika nyumba yetu ya mtaa wa Buswahili. Huyu wa mwisho alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Sasa anarusha ndege ya injini moja na viti sita, na ikitua Musoma huja kulala kwangu Kigera.

Jumamosi moja alikuja na uso wa mtu aliyefokewa. Alimaliza viazi na chai, kisha akatoa kikasha kidogo mkobani akakiweka mezani. Ndani kulikuwa na waya mwembamba wa kupita nyuma ya kichwa, maikrofoni iliyokaa kwenye kijiti chembamba kama unyasi, na vijineli viwili, vijibomba vya kuingia masikioni.

"Nini hii?"

"Hedseti, dada."

"Hedseti si zile kubwa kama vibuyu?"

"Zile zinanibana. Mikono ya miwani inaingia hapa, na rasta zinasukuma huku. Nikiruka saa moja kichwa kinapasuka. Hii siisikii hata uzito."

Niliiweka kiganjani. Kweli, ilikuwa nyepesi kuliko kijiko. Akanieleza kwamba haina betri wala ujanja wowote wa umeme wa kuua kelele. Kinachozuia ngurumo ya injini ni kizibo cha sifongo kinachochomekwa kwenye kijineli, chenye tundu katikati la kupitisha sauti ya redio. Kizibo kikikaa vizuri, rubani anasikia. Kisipokaa, injini inaingia yote.

Chake hakikukaa. Alhamisi alikuwa angani na mkufunzi wake, ambaye kila mtu anamwita Kapteni. Kapteni alimsemesha mara mbili kwa redio na mara mbili hakujibu. Jumatatu wangeruka tena, na Kapteni ndiye wa kutia saini ili aruhusiwe kubeba abiria. Akikosa neno tena, hatatia.

"Sikio gani lisilosikia?" nikamuuliza.

Akatazama kikombe. "La kushoto."

Nilinyanyuka nikaenda jikoni, ingawa sikuwa na kitu cha kufanya huko.

Alipokuwa na miaka minne, sikio hilo lilitoka usaha. Kwetu mtoto akiumwa sikio hudondoshewa samli ya uvuguvugu kwa unyoya wa kuku. Bibi alifanya hivyo, mama alifanya hivyo, na mimi nilifanya hivyo siku kumi, kila asubuhi, kabla ya kumbeba kwenda zahanati. Muuguzi alichungulia kwa tochi akasema ngoma ya sikio imetoboka. "Wewe binti, unakaanga sikio la mtu?" Kisha akanifundisha kulikausha kwa pamba iliyosokotwa. Nilikuwa naingiza pamba, naitoa, nainusa. Siku ilipoacha kunuka nililia peke yangu. Lakini sikuamini kamwe kwamba sikio lile lilipona sawasawa.

Niliporudi mezani nilimwambia moja kwa moja: "Mimi ndiye niliyekuharibu."

"Dada, acha. Daktari wa marubani alinipima, kayapitisha yote mawili."

"Alikupima kwenye chumba kimya. Haya, vaa nione."

Akachukua vizibo viwili vikubwa kuliko vyote kikashani, akavibonyeza kwa kidole gumba kama mtu anayeziba chupa ya mafuta ya taa. Vikasimama nje, nusu ndani nusu nje.

Hapo nilicheka, na sikutegemea kucheka siku ile. Nilikuwa nimeona kosa lile mamia ya mara.

Miaka michache baada ya kuacha shule nilihamia Bunda na wadogo zangu, nikapata kazi jineri, kiwanda cha kuchambua pamba. Mashine zile zikiwaka hata mawazo yako huyasikii. Hakuna aliyetupatia kitu cha kuziba masikio, lakini pamba ilikuwa miguuni kwetu, basi tulijiziba kwayo. Kila mgeni alikuja na kosa moja: kushindilia bonge. Bonge kubwa halizibi. Linakaa mlangoni, jasho likitoka nalo linatoka. Mama mmoja wa pale alinionyesha namna yao. Unasokota pamba iwe nyembamba kama mshumaa. Unapitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, unavuta sikio juu na nyuma ili njia inyooke. Unaingiza taratibu, halafu unashikilia kwa kidole, usiachie, mpaka pamba ifutuke yenyewe. Kisha unaguna mdomo umefungwa. Sauti yako ikijaa katikati ya kichwa, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi, umeziba. Ikielemea upande mmoja, upande wa pili unavuja.

"Guna," nikamwambia.

Akaguna. "Imeelemea kulia," akasema, macho yamemtoka. "Nani kakufundisha hii?"

Tulijaribu vizibo jioni yote, na Jumapili baada ya kanisa tukaendelea. Vya mpira laini vilimteleza. Vya sifongo vya kati vilikaa kulia vizuri. Kushoto vilikataa. Njia ya sikio hilo naijua kuliko mstari wa kiganja changu: inaanza pana, kisha inapinda na kubana. Nikachagua kidogo kabisa, nikakisokota, nikavuta sikio, nikakiingiza mwenyewe. Nilishikilia nikihesabu polepole hadi thelathini.

Mdogo wangu wa pili, fundi mitumbwi, alitukuta hivyo, mmoja amemshika mwenzake sikio na wote wawili tunaguna.

"Kwaya gani hii isiyokuwa na maneno?"

"Anapimwa hedseti," nikasema.

"Na wewe je?"

"Namsindikiza."

"Kidogo hicho kitazuia injini ya ndege? Mimi nilikuwaga naziba mtumbwi kwa bonge, tena lenye lami!"

"Ndiyo maana mitumbwi yako inavuja," rubani akamjibu, na kizibo hakikutikisika. Kisha akaguna tena, akatulia, akanishika mkono. "Dada. Imekaa katikati."

Nilifurahi nusu. Jikoni Kigera hakuna injini.

Jumatatu asubuhi alimwomba Kapteni niketi nyuma wakati injini inapashwa moto, kabla hawajaruka. Kapteni, mzee mrefu mwenye masikio yaliyojaa nywele, alinitazama kuanzia kandambili hadi kilemba. "Mama ni fundi wa redio?"

"Hapana. Ni dada yake."

"Haya, panda."

Wakanivika mimi ile hedseti ya vibuyu. Propela ilipozunguka, kiti kilitetemeka hadi meno, na nyasi za pembeni zikalala chini. Nilikuwa jineri tena, nina miaka kumi na tano. Halafu, katikati ya ngurumo ile, sauti ya mdogo wangu ikaniingia masikioni, karibu kuliko alipokuwa mgongoni mwangu, bila kupaza hata kidogo.

"Dada, unanisikia?"

Nilisahau kwamba napaswa kujibu. Nilikuwa natazama vidole vyake vikigusa swichi moja baada ya nyingine, bila kusita, na hakuna hata moja niliyojua kazi yake. Mtoto niliyemfundisha kufunga vifungo vya shati.

"Nakusikia," nikasema hatimaye.

Wakanishusha. Nilisimama kwenye uzio nikaitazama ndege ikikimbia, ikaachana na ardhi kama jambo lisilo na uzito, ikageukia upande wa Butiama. Wazazi wetu wamelala upande huo. Nikawaza kwamba atapita juu yao, nao hawajui. Niliendelea kusimama hata ilipokuwa haionekani tena.

Waliporudi, Kapteni ndiye aliyeshuka kwanza, akanijia hadi kwenye uzio.

"Leo nimemnong'oneza makusudi," akasema. "Mara tano. Kajibu zote. Karatasi yake nimeitia saini. Ananiambia vizibo ulimpachika wewe. Ulisomea wapi kazi hii?"

"Jineri. Bunda."

Akatikisa kichwa akicheka.

Mdogo wangu alikuja nyuma yake akivua ile hedseti, alama ya miwani puani. Alichomoa kizibo cha kushoto, kidogo kile, akakiweka kiganjani mwangu. Kilikuwa bado na joto lake, nacho kilikuwa kinafutuka taratibu kurudia umbo lake. Nilikigeuza. Kikavu. Nikakipeleka puani, kama nilivyofanya na pamba miaka ile.

"Dada!" akasema, akimtazama Kapteni kwa aibu. "Mbele za watu?"

Nilinusa tena, kuhakikisha. Kilinuka sifongo tu.