Mashine Tatu Katika Banda la Kuku

Kwa siku tisini na sita mashine tatu za kiwandani zilikaa ndani ya banda la kuku. Moja ni ya kufulia, yenye pipa la chuma linalomeza mashuka arobaini kwa mkupuo mmoja. Ya pili ni ya kukausha. Ya tatu, ndefu kama kitanda, ni ya kunyooshea. Kuku walipenda kulala juu ya hiyo ndefu. Kinyesi chao kilishuka ubavuni, kikakauka tabaka juu ya tabaka, jeupe juu na la kijani chini, kikaziba matundu ya hewa. Kila Jumamosi mwenye mashine alifika na ndoo na kisu butu. Alikwangua, akafuta, akafunika kwa turubai. Jumamosi iliyofuata alikuta turubai limehamishwa kwenda kufunika saruji, na kuku wamerudi mahali pao.

Kwenye karatasi, hata hivyo, mwenye mashine alikuwa mtu mwingine.

Yule wa ndoo na kisu mtaani anaitwa Dada Mvuke. Ana miaka arobaini na minne, mfupi, mwenye mikono ambayo ngozi yake imelainika kwa sabuni hadi alama za vidole zimefifia. Jina hilo alipewa na wenzake ughaibuni, alikofua kwa miaka kumi na miwili katika orofa ya chini ya hoteli yenye vyumba mia tatu. Orofa ile haikuwa na dirisha. Mashuka yaliteremka kwa bomba pana kutoka juu na kutua rundo mbele ya wafuaji, yakiwa na kila kitu ambacho binadamu aliyelipia chumba haoni sababu ya kukificha: matapishi, damu, kucha zilizokatwa, na siku moja meno ya bandia ambayo mwenyewe aliyafuata jioni, akayasuuza kwenye bomba lao na kuyarudisha mdomoni palepale.

"Ukitaka kumjua mheshimiwa usiangalie tai," husema. "Nipe mimi shuka lake."

Alianza kwa kusukuma vikapu. Alipoondoka alikuwa msimamizi wa zamu, chini yake watu ishirini na sita, kumi na mmoja kati yao wanaume. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza kama ana kaka.

Alichotuma nyumbani kiliezeka nyumba ya mama yake, kikamsomesha mdogo wake wa kiume na kumfungulia duka la vifaa vya ujenzi. Bango la duka lina jina la mdogo huyo kwa herufi nyekundu, na chini yake neno Mkurugenzi. Mtaa mzima unamwita hivyo, nusu kwa heshima, nusu kwa kejeli. Yeye husikia ile nusu ya kwanza tu.

Hoteli ilipobadilisha mitambo, Dada Mvuke alinunua mashine tatu za zamani, akaamua kurudi nyumbani kufungua biashara yake mwenyewe ya udobi. Wanawake wa kwao wana utaratibu wao wa kusafirisha mizigo: hujikusanya kumi na wawili, wakapakia kontena moja, kila mmoja akiweka alama yake ya rangi. Karatasi za bandarini zinataka mpokeaji aliye nyumbani, mwenye kitambulisho kilicho hai. Vitambulisho vya wengi wao hufa wakiwa ughaibuni, na havihuishwi kwa mbali. Basi kila mmoja huandika mwanamume: mume, kaka, mjomba. Katika kontena lile, kumi na mmoja waliandika mwanamume. Wa kumi na mbili alimwandika mama yake mzazi, bibi anayetembea kwa mkongojo, na wenzake wakamcheka hadi machozi. Aliyecheka zaidi, Dada Mvuke anakiri, ni yeye.

Hivyo ndivyo mashine zilivyopokelewa na Mkurugenzi, zikasajiliwa kwa jina lake, zikaingia bandani.

Alipofika, Dada Mvuke alikwenda kwenye mfuko mmoja wa kuwainua wanawake warejea kutoka ughaibuni. Ofisi ina picha ukutani ya mwanamke aliyenyanyua mikono miwili juu, kama aliyeamriwa kujisalimisha. Mfuko ulikubali kumvutia umeme mkubwa wa mashine, kumjengea mifereji ya maji machafu na kumuunganisha na kituo cha uzazi kilichohitaji mfuaji wa mashuka. Sharti lilikuwa moja: hati kwamba mashine ni zake. Ilihitajika karatasi ya ukurasa mmoja ya kuhamisha umiliki, na saini ya mdogo wake.

Nakala ya kwanza aliipeleka dukani Jumatatu. Jumatano alikutana na mteja njiani amebeba misumari iliyofungwa kwa karatasi ile.

Alipeleka ya pili.

"Mdogo wangu, ile karatasi."

"Ipo dada, ipo. Kwani inakula?" Mkurugenzi alikuwa akichokonoa meno kwa njiti, anaitazama ncha yake, anairudisha. "Lakini na wewe uwe unaangalia wakati. Huoni foleni?"

Foleni alikuwa mzee mmoja aliyekuwa akijaribu kufuli.

Wiki iliyofuata karatasi ilikuwa ikisubiri isomwe na baba mdogo. Wiki iliyofuata kalamu ya kusainia mambo makubwa ilikuwa imesahaulika nyumbani. Kisha, mbele ya wapakiaji wa saruji, akasema alichokuwa nacho moyoni.

"Dada, watu watanionaje? Watasema umekuja kuninyang'anya mashine."

"Kukunyang'anya? Zako tangu lini?"

"Tangu bandarini. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo." Akageuka apate kicheko cha wapakiaji, na akakipata.

Mwezi wa tatu ulipokaribia kwisha, Dada Mvuke aliomba kikao cha familia. Kilikaa sebuleni kwa mama yake. Mkurugenzi na baba mdogo walichukua kochi. Mama alikaa kitini, macho kwenye kapeti. Mfuko ulimtuma mratibu wa jinsia, mwanamke wa makamo aliyekuja na gari lenye dereva. Naye akasogezewa nafasi kwenye kochi. Dada Mvuke alileta maji kwenye sinia, na alipomaliza kugawa, kilichobaki kilikuwa kigoda cha mlangoni.

"Wazee wangu," mratibu alianza, "tusilaze mradi kwa sababu ya saini. Mwaka wetu wa fedha unafungwa Ijumaa. Mimi nashauri tuuite mradi wa familia. Kaka awe mkurugenzi, kwa kuwa karatasi tayari zinamtambua. Dada awe mfuaji mkuu. Usawa si vita, jamani. Usawa ni kushirikiana."

"Umenena, mwanangu," baba mdogo alisema. "Mwanamke ni mtu wa kuondoka. Leo yuko hapa, kesho kaolewa, mashine zimekwenda kwa watu."

"Baba mdogo, nina miaka arobaini na minne. Nani anakuja kunioa?"

"Hizo mashine ndizo zitakazomleta!"

Kochi zima lilicheka. Mratibu alicheka pia, akijifunika mdomo kwa faili.

Dada Mvuke akamgeukia. "Mama mratibu, cheo chako ofisini umeandikiwa wewe au kaka yako?"

Mratibu alikumbuka ghafla kuwa ana simu, akaanza kuisoma.

"Mwanangu, kubali tu," mama alisema bila kuinua uso. "Ni damu yako."

"Ndiyo, mama. Na mimi ni yake."

Fomu ya mradi wa familia ilizungushwa. Mkurugenzi, ambaye kwa miezi mitatu hakuwa na kalamu, alitoa mbili mfukoni. Fomu ilipofika mlangoni, Dada Mvuke alisoma mstari wa mfuaji mkuu, akairudisha mezani bila saini, akachukua sinia na kutoka nalo. Mradi ulipita bila yeye. Kwenye safu ya mnufaika mwanamke, mratibu aliandika jina la mama.

Umeme ulivutwa hadi uani kwa Mkurugenzi. Mashine ziliondolewa bandani, zikaoshwa kwa mpira wa maji, zikawashwa mbele ya mpiga picha. Usiku wa kuamkia mzigo wa kwanza, Dada Mvuke alimtumia mdogo wake ujumbe wa simu: mashuka ya wodi ya wazazi yana damu, yaanze kwa maji baridi, yalowekwe, asijaze pipa, maji ya moto yaje mwisho kabisa. Alijibiwa kwa picha ya kidole gumba.

Kumbe ujumbe ulisomwa lakini haukuaminiwa. Mkurugenzi alimkabidhi mashine mpakia saruji wake mkubwa na kumwambia uchafu mwingi unataka moto mwingi. Kila mfuaji anajua kwamba damu katika maji ya moto huiva kama yai. Hushika uzi, na haitoki tena. Mashuka themanini yalitoka yakinukia marashi ya waridi, kila moja likiwa na ramani za rangi ya kahawia katikati.

Matroni wa kituo aliyarudisha siku hiyohiyo na kuyamwaga juu ya kaunta ya duka.

"Mkurugenzi, nieleze. Hapa anajifungulia mzazi au tunachinjia mbuzi?"

"Matroni, hayo ni makovu tu. Lakini ni safi."

"Basi yatandike kwako ulalie wewe na mkeo. Mkataba umesaini wewe, utalipa mashuka mapya wewe."

Gari lililorudisha yale themanini lilikuwa limekwisha kushusha mengine mapema asubuhi, magunia sita, hayajafuliwa. Mkurugenzi aliogopa kuyagusa. Aliyaegemeza ukutani, penye jua, akasema atayafikiria. Siku ya pili magunia yalianza kuvimba. Siku ya tatu yalivuja maji mazito ya rangi ya kutu, yakapita chini ya lango hadi barazani. Inzi walitua kwenye magunia, wakatoka hapo wakatua kwenye mifuko ya saruji, wakatua kwenye midomo ya wateja. Harufu ilikuwa tamu kwanza, halafu si tamu. Mwenye duka la jirani, ambaye hajawahi kuuza nondo kumi kwa wiki, aliuza hamsini kwa siku mbili.

"Mkurugenzi, umemzika nani?" watu walipiga kelele wakivuka upande wa pili wa barabara.

Siku ya tano bwana afya alifika, akafika hadi langoni tu, akampa saa ishirini na nne za kuondoa mzigo.

Jioni ile Mkurugenzi alibisha hodi chumbani kwa dada yake. Alikuwa ameongozana na baba mdogo. Harufu iliingia kabla yao.

"Dada, shikamoo."

Hakumbuki mara ya mwisho mdogo wake kumwamkia hivyo. "Marahaba."

"Ule mzigo, dada. Wewe ndiye fundi. Njoo utusaidie, yaliyopita si ndwele."

"Karatasi ipo juu ya meza."

"Kwanza tuondoe mzigo, halafu mambo ya karatasi tutakaa kama familia."

"Tulishakaa kama familia. Mimi nilikaa mlangoni."

"Binti yangu," baba mdogo aliingilia, "utamwadhiri mdogo wako kwa sababu ya vyuma?"

"Baba mdogo, unatakiwa usaini pale chini, kama shahidi."

Mkurugenzi alisaini amevuta ukosi wa shati hadi puani. Baba mdogo alisaini kwa mkono mmoja, mwingine umeziba mdomo. Hakuna aliyesema lolote kuhusu haki. Kama magunia yasingevunda, karatasi ile ingekuwa inafunga misumari hadi leo.

Asubuhi Dada Mvuke alileta lori. Alichukua mashine zake tatu na magunia sita. Umeme wa mfuko na mifereji yake alimwachia mdogo wake, pamoja na yale mashuka themanini yaliyopikwa. Alikuwa amekodi kinu cha kusaga nafaka kilichofungwa zamani, nyuma ya soko, chenye umeme wake mkubwa. Yeye na wanawake wawili aliowaajiri walifungua magunia wakiwa na glavu hadi kwenye viwiko na vitambaa usoni. Mmoja alitoka nje mara mbili kutapika, akarudi. Waliloweka kwa maji baridi na chumvi, wakabadilisha maji, wakaloweka tena, mchana na usiku. Mashuka tisini na nne yalipona. Ishirini na sita aliyachoma moto mwenyewe.

Matroni alikuja kuyakagua. Aliyanyanyua moja moja mbele ya dirisha, akayanusa bila haya.

"Mwezi mmoja wa majaribio," alisema. "Tena mkataba naandika jina lako. Nikisikia jina la mwanamume hapa, navunja."

Taarifa ya mwaka ya mfuko ilitoka yenye karatasi inayong'aa. Katika ukurasa wa tisa Mkurugenzi anabonyeza kitufe chekundu, anatabasamu. Chini yake pameandikwa kwamba mwanamke mrejea na familia yake wamejiajiri. Mratibu alimpigia simu Dada Mvuke kuomba picha nyingine, safari hii yeye na kaka yake wakiwa wameshikana mikono, ili wafadhili waone mwendelezo. Alisema hakuna haja ya kuzungumzia kuhama kwa mashine.

"Mama mratibu, nina mzigo kwenye pipa," alijibiwa, na simu ikakatwa.

Picha ilikuja kutafutwa hata hivyo. Alhamisi moja Mkurugenzi alitokea kinuni amevaa koti, nyuma yake mpiga picha wa mfuko, na mama yao kati yao, ameletwa ili asikataliwe mtu. Mkurugenzi alinyoosha mkono mbele ya kamera.

Dada Mvuke alikuwa ameinama juu ya beseni, anasuuza mzigo wa usiku wa wodi ya wazazi. Aliinuka. Glavu zake zilikuwa zinachuruzika maji mekundu.

"Samahani, mdogo wangu, mikono yangu michafu."

"Si uvue glavu, dada."

Alimtazama mdogo wake, akatazama ule mkono uliobaki hewani, akainama tena kwenye beseni.