Anawatafuta Wanafunzi Waliopotea Kabla ya Mtihani

Saa nane mchana, kwenye kituo cha kuuzia majani chai nje ya mji wa Litein, wakulima wamemwaga majani yao chini na kuyachambua. Jani gumu linatupwa kabla karani anayepima na kununua hajaliona. Nelvine Cheptoo hana hata jani moja. Yeye anatafuta wanafunzi.

"Clifford!" anaita.

Kijana mrefu anageuka, anamtambua, kisha anainamia majani kama hakusikia.

Cheptoo, 47, alifundisha hisabati sekondari huko Sosiot kwa miaka mingi. Sasa chuo kikuu kimoja cha eneo hili kimempa kibarua: achunguze kama madarasa ya kuwanoa wanafunzi wapya wanaolemewa na hisabati na Kiingereza yanasaidia. Anayefeli mtihani wa kuingia husoma humo muhula mmoja, halafu hupimwa tena.

Alipofika, aliambiwa wote waliopimwa mara ya pili walifaulu. Wote! Makubwa haya.

"Mimi nimefundisha hesabu, naijua," anasema. "Darasa lenye hakuna hata mmoja anafeli? Nikajiambia, hapa kuna kitu."

Akauliza walioanza walikuwa wangapi. Arobaini na mmoja. Waliofanya mtihani wa mwisho? Ishirini na sita. Na wale wengine? "Waliacha wenyewe," akajibiwa haraka, kisha akakaribishwa chai. Chai aliinywa. Jibu hakulimeza.

Ndiyo maana yuko hapa. Clifford Okello, mmoja wa wale kumi na watano, ambaye mamake anafanya kazi katika kiwanda cha chai, alipata nafasi ya kusomea uuguzi. Asipovuka hisabati kabla ya mwisho wa mwezi, nafasi hiyo anapewa mwingine.

"Nani alikwambia uache masomo?" Cheptoo anamuuliza.

"Hakuna mtu alinifukuza, madam. Wiki ya mtihani tuliitwa sisi wenye tulikuwa nyuma. Bwana Makori akasema tupumzike nyumbani, tutapigiwa simu." Anafuta mikono kwenye suruali. "Bado nangoja."

Cheptoo anaguna. "Waliwachambua hawa watoto vile sisi tunachambua majani. Karani anaona mazuri peke yake, anasifu shamba."

Makori, anayesimamia madarasa hayo, alipopigiwa simu na mwandishi huyu alikuwa mchangamfu mno. "Tuliwashauri wajipange tu, ndugu yangu." Alipoulizwa ni nani kati yao aliyekwisha kuitwa arudi, ghafla akawa na mkutano.

Je, madarasa yenyewe yanafaa? Cheptoo hataki kudanganya. "Pengine yanasaidia sana, pengine ni bure. Saa hii hakuna mtu anajua, na hiyo ndiyo inaniuma." Amekataa kutia sahihi ripoti ya kuyasifu madarasa hayo, ingawa amedokezewa kwamba mkataba wake unaweza kuishia hapo.

Jumatatu anataka kuwakusanya wote kumi na watano katika ukumbi wa kanisa hapa Litein, awape mtihani ule ule waliokoseshwa. Matokeo yao yataingia kwenye ripoti, yawe matamu au machungu. Anatumaini chuo kitawarudisha darasani. Kumi na mmoja wamekubali. Clifford bado anasitasita.

"Na nikifeli tena, madam?"

"Ukifeli nitaandika umefeli," Cheptoo anamjibu. "Lakini utakuwa umeandikwa. Wakuangalie usoni, wakwambie ni kwa nini hawataki kukufundisha."