Utani Ulioandikwa Daftarini

Shangazi yangu Hamisa aliachika mara mbili, na mara zote mbili alitoka na mkeka wake, sanduku lake na maneno ya kumsindikiza. Mara ya pili aliapa kwamba hatalala tena chini ya paa ambalo mwanamume anaweza kusimama akamwambia, "Toka." Kwa hiyo alipopata kiwanja Temeke, mwaka wa hamsini na tatu, jamaa zake tulijua kwa nini ana haraka.

Tulijenga wote. Baba yangu Mfaume, kaka yake, alileta boriti za mikoko. Majirani walifunga fito. Siku ya kukandika tulifika watu kama thelathini: wanawake tunachota maji, wanaume wanakanyaga udongo, wengine wanaujaza ukutani kwa mikono. Wali wa nazi ulikuwa jikoni tangu asubuhi. Hakuna aliyeulizwa amefuata nini. Leo kwako, kesho kwa mwenzio, ndivyo nyumba zote za mtaa ule zilivyosimama.

Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Adelard, Mnyamwezi wa Tabora, kuli wa bandarini. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na mtani ana ruhusa ya kukutukana mchana kweupe, kukamata kuku wako, hata kuzuia maiti yako isitoke ndani mpaka apewe chochote. Ukikasirika, aibu ni yako. Adelard alikanyaga udongo ule kuliko ndugu wa damu, na muda wote alimwita shangazi mtumwa wake.

Hapo akatokea karani wa serikali, suruali imenyooka kwa pasi, daftari kwapani. Walikuwa wakiandikisha nyumba mpya. Hata salamu hakutoa.

"Mwenye nyumba nani?"

"Mie hapa!" Adelard akadakia, udongo umemfika kwenye nyusi. "Hawa wote watumwa wangu. Na huyu mama ndiye mvivu kupita wote."

Watu wakaangua kicheko. Karani akamgeukia shangazi. "Kweli?"

Angefanya nini? Mtani hajibiwi kwa hasira. Shangazi akapiga goti kwa madaha, ndoo kichwani. "Kweli, bwana. Nyumba yake. Mie natumwa maji tu."

Karani akaandika. Na yule karani, mnisikie vizuri, alikuwa mtoto wa pwani, amekulia kwenye utani kama sisi. Alijua! Lakini mtu akishavaa kofia ya serikali, masikio nayo huyafunika.

Kadi ya nyumba ilipotoka, jina lilikuwa la Adelard.

Wakaenda ofisini pamoja, yeye na shangazi, na mimi, ambaye wakati ule nilishaolewa na nina mdomo wangu, nikafuatana nao. Mzungu aliyetupokea alikuwa na upole wa kuudhi. Aliuliza kupitia kwa mkalimani kama ni kweli Adelard alisema nyumba ni yake.

"Nilisema," Adelard akajibu.

"Ni yako?"

"Si yangu. Ya huyu mama."

"Basi uliidanganya serikali."

"Sikudanganya, bwana. Nilimtania. Huyu mtani wangu."

Mkalimani akasita. Alitafuta neno la kizungu la utani, akalikosa. Baadaye alitwambia mwenyewe, bila haya, kwamba alisema "uongo wa kuchekesha." Mzungu hakucheka. Akasema jina linaweza kubadilishwa, hakuna taabu, ila aliyetoa habari za uongo lazima ashtakiwe, na kifungo chake ni miezi mitatu. Nikauliza, mbona shangazi naye alisema vile vile? Nikajibiwa kwamba yeye ni mwanamke, maneno yake hayakuandikwa.

Karatasi ya kubadilisha jina ikasogezwa mbele ya shangazi atie dole gumba. Akiitia dole, nyumba yake, Adelard jela. Akaisukuma.

"Mwambie nyumba ya huyu bwana," alisema. "Mie mpangaji wake."

Hata leo nikikumbuka damu inanichemka. Watu wametoka ng'ambo kuja kututawala, lugha yao haina neno la jamaa kama wale wawili, halafu ukosefu wao wa neno tunaadhibiwa sisi! Na mwenye kuubeba mzigo ni mwanamke aliyekuwa na ombi moja tu duniani, asiwepo mwanamume mwenye nyumba juu yake.

Adelard hakuwahi kumwambia toka. Alifanya baya kuliko hilo, maskini, bila kukusudia. Alianza kumheshimu, kama mtu mwenye deni. Alipokuja alisimama nje na kubisha hodi taratibu. "Shikamoo, dada."

"We mtumwa, tangu lini ukabisha hodi?" shangazi alimchokoza.

"Samahani, dada."

Siku moja shangazi alimvua kofia akaitupa kwenye tope mbele ya watu, makusudi, apate japo tusi moja. Adelard aliinama, akaiokota, akaikung'uta, akasema ahsante.

Shangazi aliingia ndani akalia. Talaka mbili hazikumtoa machozi, nilikuwepo. Nilikwenda kumbembeleza, nikamwambia tutapata wakili, kadi itarudi.

"Kadi wakae nayo," alisema. "Wanirudishie mtani wangu."