Alama ya Dadi

Tamimu wa Kiongoroni alikuwa na picha kumi, na alikuwa anatafuta kitu kimoja tu duniani: muhuri.

Picha zenyewe zilimla miaka miwili. Alichora alichokijua: wakata boriti waliozama topeni hadi mapajani, shangazi yake Zabibu akipaa samaki magamba, mizizi ya mikoko maji yakiwa yamekupwa. Rangi nyekundu aliichemsha mwenyewe kwa magome ya mkandaa, ile ambayo ikishika haitoki. Chuo cha sanaa kilikuwa mbali, Uganda huko, na barua yao ilitaka picha kumi kabla ya mwisho wa mwezi, pamoja na fomu yenye muhuri wa ofisa wa serikali kuthibitisha kwamba kazi ni ya mwombaji mwenyewe. Mwalimu Nassibu wa Kibiti alimsaidia kuijaza. Zilibaki siku nne. Ulibaki muhuri, kipande cha mpira na mti, lakini walionao waliukalia kama kuku anayeatamia.

Dadi, baba yake, alimsindikiza. Walipiga kasia, wakatembea, wakafika ofisini miguu imevimba. Ofisa wa elimu alikuwa safarini, wakaelekezwa kwa Mzungu wa misitu. Akafunua picha moja, ya pili, ya tatu. Kisha akaweka kidole pembeni.

"Alama hii mimi najua," akasema. "Karani, leta daftari la alama za wakata boriti."

Tamimu hakuelewa kosa liko wapi. Kule visiwani boriti isiyo na alama ni mali ya aliyeiokota. Kila nyumba ina alama yake, huchongwa kwa panga kwenye kitako cha gogo, na watoto hutumia ya baba yao mpaka watakapomzika. Kazi imetoka nyumbani kwa Dadi, basi ameitia alama ya Dadi: mikato mitatu na mmoja wa kukingama. Angetia ya nani?

Karani, jina lake Mussa, akasoma kwa sauti ya chini: "Dadi bin Mtoro, Kiongoroni."

"Basi picha ni za baba," akasema Mzungu. "Wewe mwongo."

Dadi, ambaye hajapata kushika penseli tangu azaliwe, akatazama vidole vyake. Tamimu damu ikampanda. Akaomba penseli na karatasi, akamchora Mussa palepale, na shingo yake ndefu na kalamu sikioni, hata Mussa mwenyewe akacheka. Mzungu akaitazama ile picha kwa makini.

"Nzuri sana," akasema. "Lakini daftari linasema Dadi."

Hebu niambie, mtu kama huyo utamfanya nini? Ameona mkono ukichora, mbele ya macho yake mawili, na bado anauliza karatasi! Wangekuwa Wazungu ndio wasioaminiwa hivyo, pangekalika?

"Nifute alama?" Tamimu akauliza, akijua haifutiki, maana aliitia kwa rangi ile ya mkandaa. Na kuchora kumi nyingine kwa siku nne hakuna awezaye.

Mussa aliona haya. Akamwinamia Dadi. "Mzee wangu, alama haihamii kwa mtoto ila mwenyewe akifa. Ndivyo walivyoandika."

"Basi niandike nimekufa."

"Mzee!"

"Andika, mwanangu. Kwani kalamu yako inaua?"

Mussa akamfasiria bwana wake. Tamimu alingoja yule Mzungu acheke, au angalau aone aibu. Hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema kama imeandikwa daftarini, itatosha. Mussa akaandika *marehemu* mbele ya jina, akaihamishia alama kwa Tamimu bin Dadi, na muhuri ukagongwa, pwa! Serikali iliyokataa kuamini mkono wa mtu aliye hai ikamwamini maiti aliyesimama mezani pake, kofia mkononi, akisema ahsante.

Walipokuwa nje ndipo Tamimu akakumbuka. "Baba, na kibali chako cha kukata? Mwezi ujao kinakwisha."

"Marehemu hapewi kibali."

"Ulijua?"

"Nimekata boriti miaka ishirini na tano, nisijue?"

Tamimu akashikwa na hasira. Si kwa Mzungu peke yake. Kwa daftari, kwa fomu, kwa chuo, kwa yeye mwenyewe na mapicha yake yaliyomvua baba kazi. Akaishika bahasha yenye picha na fomu kwa mikono miwili aichane. Wapeleke huko! Hataki tena chuo cha mtu.

Dadi hakumzuia.

"Chana," akasema. "Nitakuwa nimekufa bure."